Mrefu, Mrefu, Mfupi, Mrefu

Orodha ya saini ilikaa mlangoni mwa friji,
imebanwa na sumaku yenye umbo la samaki.
Watu mia mbili na kumi na wanne wanataka honi yangu inyamaze.
Jina la mia na tisa: Marisol Desrosiers.
Mke wangu, kwa kalamu ile ile ya kijani
anayoandikia joto la wagonjwa.

Simlaumu. Anarudi saa moja asubuhi kutoka wodini,
miguu imevimba, anavuta pazia zito,
na mimi, au Thibault, au yeyote mwenye zamu,
tunapita mita themanini kutoka mto wake
na mabehewa mia na ishirini ya ngano,
tukiuambia mtaa mzima:
Tupo! Tupo! Tu! Tupooo!

Sheria haina huruma na masikio.
Ukifika kwenye nguzo yenye herufi, bonyeza:
mrefu, mrefu, mfupi, mrefu,
na ule wa mwisho uushike
hadi kichwa cha treni kiikalie barabara.
Mtoto wa kina Prokopchuk alijifunza kulia kwa mpigo huo.
Mbwa wao hujibu ule wa tatu tu.

Kikaoni, katika ukumbi wa kanisa, niliketi nyuma, kofia mapajani.
Bibi Orysia Prokopchuk akasimama na daftari:
amehesabu milio arobaini na mmoja kwa siku moja.
Mzee Thorvaldson akauliza,
"Mlinunua nyumba kando ya reli, mlidhani patapita nini, maziwa?"
Watu wakacheka. Diwani akataja gharama ya vizuizi.
Hakuna aliyeniuliza kitu,
nami sikusema kuhusu Februari ile.

Ukungu wa barafu, nyuzi thelathini chini ya sifuri,
gari dogo la bluu limezimika katikati ya kivuko cha Lacasse.
Treni haina usukani, jamani.
Breki ukizivuta leo, inasimama kesho.
Nilichobakiwa nacho ni kidole na kitufe.
Nikasahau mrefu, nikasahau mfupi,
nikabonyeza kama mtu anayegonga mlango wa nyumba inayowaka.
Kijana akatoka. Akarudi. Akarudi!
Kisha akatoka tena.
Sikio la kufa halisikii dawa, husemwa;
lile lilikuwa sikio la kuishi, ila lilichelewa kuamua.
Gari tulilisukuma nusu kilomita kama kopo.
Yeye alisimama kwenye theluji, amekumbatia sanduku la keki.
Keki ya nani, sijui hadi leo.

Septemba vizuizi vikaja: fito za milia, kengele, taa,
na kibao, TRENI HAZIPIGI HONI HAPA.
Nakiri vimejengwa vizuri.
Nilikwenda kwa miguu Jumapili moja, nikavitikisa.

Usiku wa kwanza, saa kumi na dakika ishirini,
nguzo ile ikanijia. Kidole kilijua njia yake;
nikakishika kwa mkono wa pili
kama unavyomshika mtoto sokoni.
Fito zimelala, kengele inalia kwa adabu,
mtaa ukapita, dirisha letu likiwa giza.
Marisol alikuwa na mapumziko usiku huo.

"Ulipita saa ngapi?" aliniuliza asubuhi.
"Kama kawaida."
"Sikusikia kitu," akasema, akijinyoosha,
na uso wake ulikuwa uso wa miaka kumi nyuma.
Nilifurahi. Niliumia pia, kidogo,
mahali ambapo daktari hapapimi.

Sasa kila tukikaribia Lacasse
Thibault hujifanya anasoma karatasi za mizigo,
nami, mdomo karibu na kioo,
nanong'ona mrefu, mrefu, mfupi,
na ule wa mwisho naushika, naushika,
mpaka mvuke wa pumzi yangu unafunika kivuko,
nami naufuta kwa kiganja, upesi,
nione mbele.